Umbo, Maana na Ukaguzi wa Aina: Uhakiki wa Mazoezi ya Awali ya Kuandika Programu kwa Mwanga wa Ngeli za Kiswahili

Ikisiri

Makala haya yanahakiki matini ambayo kwa kawaida haisomwi kama matini: zoezi la awali la kuandika programu za kompyuta. Yamechunguzwa mazoezi matatu yanayopatikana karibu katika kila somo la utangulizi, yaani kupanga thamani katika safu, kukokotoa wastani, na kukagua aina ya kitu. Hoja kuu ni kwamba mazoezi haya yanapohamishiwa katika Kiswahili neno kwa neno, humnyima mwanafunzi maarifa aliyonayo tayari kama mzungumzaji wa lugha yenye ngeli, na papo hapo humletea utata ambao lugha ya asili ya zoezi haukuwa nao. Inaoneshwa kwamba upatanisho wa kisarufi wa Kiswahili unashughulikia tatizo lile lile la uhusiano kati ya umbo la jina na aina halisi ya kinachotajwa, lakini kwa utaratibu usiolingana kikamilifu na ule wa lugha za programu. Makala yanapendekeza istilahi ngeli itumike kufafanulia dhana hiyo darasani, yanabainisha mipaka ya ulinganisho huo, na yanahitimisha kwa kupendekeza zoezi mbadala.

1.0 Utangulizi

Mjadala kuhusu Kiswahili na kompyuta umetawaliwa kwa muda mrefu na suala la istilahi. Tumebishana kuhusu kompyuta, tarakilishi na ngamizi. Tumepima ni lipi kati ya maneno hayo lina asili bora, ni lipi linatamkika, na ni lipi wazungumzaji wamelikubali. Mjadala huo una manufaa yake, lakini umeacha kando swali jingine: neno likishapatikana, linaingia katika sentensi gani, na sentensi hiyo inamwambia nini mwanafunzi? Istilahi haiishi katika orodha. Huishi katika matini, na matini ya kwanza ambayo mwanafunzi wa programu hukutana nayo ni zoezi.

Suala hili lina uzito wa pekee katika mazingira yetu. Nchini Tanzania, mwanafunzi wa shule ya msingi ya serikali hujifunza hisabati kwa Kiswahili, kisha hukutana na hisabati hiyo hiyo kwa Kiingereza anapoingia sekondari. Akifika kwenye somo la programu, swali analoliona ubaoni liko kwa Kiingereza, ilhali mazungumzo yake na mwenziwe kuhusu swali hilo hufanyika kwa Kiswahili. Kwa hiyo tafsiri inatendeka, tutake tusitake. Kinachobaki ni kuuliza kama inatendeka vizuri.

Makala haya hayakusudii kuthibitisha kwamba Kiswahili “kinaweza” kubeba sayansi ya kompyuta. Hoja hiyo haihitaji tena kuthibitishwa. Kinachofanyika hapa ni uhakiki: kusoma mazoezi matatu kwa makini yale yale tunayoyatumia kusoma kitendawili au shairi, ili kuona yanavyojengwa, yanachodhani kuhusu msomaji wake, na mahali ambapo lugha inayapa nguvu au inayaangusha.

2.0 Zoezi kama Utanzu

Tuanze na umbo la jumla. Zoezi la awali huandikwa kwa hali ya kuamuru: andika, hifadhi, kokotoa, onesha. Msimulizi wake hajitaji. Wahusika wake hawana sifa zaidi ya ile inayohitajika kwa hesabu: wanafunzi watano wenye alama tano, wanyama watatu wenye milio mitatu, wafanyakazi wanne wenye mishahara minne. Mandhari hayatajwi. Kisa huanza pale data inapoingia na kwisha pale jibu linapotoka.

Katika fasihi yetu simulizi, utanzu unaokaribiana zaidi na huu ni kitendawili. Vyote viwili ni vifupi, vyote vina kanuni, na vyote humweka anayeulizwa katika hali ya kujaribiwa mbele ya wengine. Hata hivyo kuna tofauti mbili. Ya kwanza ni kwamba katika kitendawili anayetega ndiye mwamuzi. Anayeshindwa humpa mji, naye hufichua jibu. Katika zoezi la programu, mwamuzi ni mtu wa tatu ambaye si mtu: mashine. Mwalimu hutega, mwanafunzi hutegua, na kompyuta ndiyo inayokataa au kukubali. Mwanafunzi hawezi kuiomba imwelewe kwa nia yake.

Tofauti ya pili ndiyo inayotuhusu zaidi. Kitendawili hufanya kazi kwa kuvisha kitu kimoja vazi la kitu kingine. Katika kile kitendawili mashuhuri ambacho jibu lake ni yai, msikilizaji husikia habari za nyumba, na upatanisho wote wa kisarufi hufuata nyumba. Yai, ambalo lingedai upatanisho wa LI, limejificha nyuma ya nomino ya I-ZI. Mteguaji anatakiwa ashuku vazi hilo na atafute aina halisi. Kwa maneno mengine, kitendawili ni zoezi la ukaguzi wa aina, ila linafurahia udanganyifu ambao zoezi la programu linataka kuukomesha. Mzungumzaji wa Kiswahili hukulia ndani ya mchezo huu. Inashangaza kwamba mazoezi tunayompa hayautumii.

3.0 Safu na Hesabu ya Kuanzia Sifuri

Zoezi la kwanza huwa hivi: hifadhi alama za wanafunzi watano katika safu, kisha onesha alama ya mwanafunzi wa kwanza na ya mwisho. Neno safu ni uteuzi mzuri. Linabeba mpangilio, nafasi zinazofuatana na idadi inayojulikana, kama katika safu ya askari. Kwa hiyo linatofautiana na orodha, ambayo huweza kurefushwa bila kuvunja chochote, na tofauti hiyo ndiyo inayohitajika katika lugha kama Java, ambamo urefu wa safu ukishawekwa haubadiliki. Udhaifu wake ni kwamba katika majedwali neno hilo hilo hutumika kwa mistari inayosimama na inayolala, hivyo zoezi la safu zenye pande mbili hulazimika kusema safu wima na safu mlalo kila mara. Udhaifu huo ni mdogo.

Ugumu halisi uko kwenye hesabu. Katika lugha nyingi za programu, nafasi ya kwanza ya safu ni namba 0, na ya mwisho katika safu ya watano ni namba 4. Wanafunzi huambiwa kwamba kompyuta “huanza kuhesabu na sifuri,” nao hulikariri jambo hili kama desturi ya ajabu ya mashine. Mwaka 1982 Edsger Dijkstra aliandika waraka mfupi kutetea utaratibu huo kwa hoja za kihisabati. Ufafanuzi wa kawaida zaidi ni kwamba namba ya nafasi inahesabu umbali kutoka mwanzo: aliye mwanzoni yuko umbali wa sifuri.

Msemaji wa Kiswahili ana njia mbili za kulifikia jambo hili bila kukariri. Njia ya kwanza ni neno lenyewe la kwanza. Hatusemi mwanafunzi wa moja. Tunasema wa kwanza, yaani wa kuanza, ndipo tuendelee na wa pili na wa tatu. Mwenye kuanza hakupewa namba, amepewa kitendo. Njia ya pili ni saa. Tunaposema saa moja asubuhi tunamaanisha kwamba saa moja imekwisha kupita tangu mchana uanze. Huo ni umbali kutoka mwanzo. Mtu aliyezoea kuhesabu saa zilizotimia badala ya kuitaja saa iliyomo hahitaji kushawishiwa kwamba mwanzo wenyewe hauna idadi. Hakuna kati ya mambo haya mawili kinachothibitisha kwamba Kiswahili “kinafikiri kama kompyuta.” Yanaonesha tu kwamba mwalimu ana mifano nyumbani, lakini zoezi lililotafsiriwa humfanya aazime ugeni usio wa lazima.

4.0 Wastani: Thamani Isiyo ya Mtu

Zoezi la pili hujengwa juu ya la kwanza: jumlisha alama zote, gawanya kwa idadi ya wanafunzi, onesha wastani. Tuchukue alama 42, 55, 62, 78 na 92. Jumla ni 329, na wastani ni 65.8. Zoezi linaishia hapo. Hata hivyo mambo mawili yaliyomo ndani yake yanastahili kusomwa.

Jambo la kwanza ni la aina. Mwanafunzi anayetumia Java akiweka jumla na idadi zote kuwa namba nzima, programu haitatoa 65.8 wala 66. Itatoa 65, kwa kuwa kugawanya namba nzima kwa namba nzima katika lugha hiyo huzaa namba nzima, na kinachozidi hutupwa. Lugha ya Python ilikuwa na tabia hiyo hiyo hadi toleo lake la tatu la mwaka 2008 lilipobadilisha maana ya alama ya kugawanya. Kosa hili ni mashuhuri kwa kuwa halionekani: programu haikatai, haionyi, na jibu linafanana na jibu. Mafunzo mengi hulitaja kama mtego wa kiufundi. Kwa kweli ni kosa la kimaana. Alama za wanafunzi ni namba nzima, lakini wastani wao si lazima uwe hivyo. Wastani si mmoja wa kundi unaloliwakilisha. Mwandishi wa programu aliyeulazimisha ukae katika aina ya alama amedhani kwamba wastani ni alama miongoni mwa alama.

Jambo la pili ni la kimatumizi. Neno wastani, lenye asili ya Kiarabu katika neno linalohusu kati, lina maana mbili katika Kiswahili cha leo. Katika hisabati ni tokeo la kugawanya jumla. Katika mazungumzo ni hukumu: mwanafunzi wa wastani ni yule ambaye si hodari wala si dhaifu. Maana ya pili inamfanya wastani kuwa mtu. Maana ya kwanza inasema hakuna mtu kama huyo. Katika mfano wetu hakuna hata mwanafunzi mmoja aliyepata 65.8, wala 65. Aliye karibu zaidi amepata 62, na wawili walio pembeni wametengana kwa alama 50. Zoezi lisilouliza swali lolote baada ya kupata wastani linaacha maana ya pili imeze ya kwanza.

Hapa ndipo uhakiki wa wahusika unapokuwa na maana. Mhusika wa kwanza ambaye mwanafunzi hukutana naye katika somo la programu ni mwanafunzi mwenzake, na amekuja akiwa alama. Zoezi limechota mandhari yake kutoka katika ripoti ya shule, ambamo mtoto husomwa kwa wastani na nafasi yake darasani. Sidai kwamba mfano huo ufutwe. Una faida ya kueleweka mara moja. Nadai kwamba ukitumika, sharti uendelee hatua moja mbele. Mwanafunzi aulizwe ni nani aliye juu ya wastani, ni nani aliye chini, na itakuwaje safu ikiwa tupu. Swali la mwisho si la mzaha. Darasa lisilo na mwanafunzi linaleta kugawanya kwa sifuri. Katika Java, namba nzima zitaisimamisha programu kwa kosa, na namba za desimali zitarudisha thamani maalumu inayotamka kwamba tokeo si namba. Mashine inakiri kwamba wastani wa watu wasiokuwepo hauna maana. Ni ukiri ambao ripoti zetu nyingi zingefaidika nao.

5.0 Ukaguzi wa Aina

5.1 Darasa, tabaka au ngeli?

Zoezi la tatu linahusu lugha za programu zinazojengwa juu ya vitu. Chimbuko lake ni lugha ya Simula 67, iliyobuniwa na Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard huko Oslo, Norwei, ambayo ilimwezesha mwandishi wa programu kutangaza aina yake mwenyewe ya kitu, kisha kutangaza aina ndogo inayorithi sifa za aina kubwa. Aina hiyo kwa Kiingereza huitwa class, na neno hilo ndilo linalotuletea taabu ya kwanza.

Wanaotafsiri kwa haraka husema darasa. Matokeo yake yanaonekana papo hapo katika zoezi la alama: darasa la Mwanafunzi si chumba wanamosoma wanafunzi, na safu ya wanafunzi wa darasa moja si safu ya vitu vya darasa moja. Neno moja linabeba dhana mbili ndani ya sentensi moja. Wengine husema tabaka. Neno hili lina sifa nzuri ya kudokeza ngazi, yaani juu na chini, lakini msomaji wa jarida kama hili hahitaji kukumbushwa kwamba limekwisha kukaliwa. Kwa miongo kadhaa limekuwa nguzo ya uhakiki wa Kimarx katika fasihi ya Kiswahili, na linaashiria mgongano wa maslahi kati ya makundi ya watu. Katika programu, aina ndogo haigombani na aina kubwa. Ni sehemu yake.

Neno la tatu ni ngeli. Lina faida tatu. Kwanza, tayari ni istilahi ya kisayansi, na kila aliyesoma Kiswahili shuleni analijua. Pili, linataja kundi ambalo uanachama wake unaonekana katika tabia: nomino ikiwa katika ngeli fulani, vivumishi, vitenzi na viwakilishi vyake hufuata. Ndivyo ilivyo katika programu, ambamo aina ya kitu huamua ni matendo yapi kitu hicho kinaweza kuagizwa. Tatu, kama tutakavyoona, linaleta mjadala wenye afya kuhusu umbo na maana.

5.2 Utata wa “ni”

Zoezi lenyewe huwa hivi. Kuna aina kuu, Mnyama, na aina ndogo, Mbwa na Paka. Wanyama kadhaa wamewekwa katika safu moja. Mwanafunzi apitie safu hiyo, akague kila mmoja, na kama ni Mbwa aoneshe mlio fulani, kama ni Paka mlio mwingine. Katika Java ukaguzi huo hufanywa kwa neno instanceof, na tafsiri inayokuja mdomoni ni ni: je, huyu ni Mbwa?

Kitenzi kishirikishi ni kina kazi nyingi mno kwa kibarua hiki. Katika “Huyu ni Simba,” Simba likiwa jina la mbwa wa jirani, ni kinaonesha utambulisho: mtajwa na mwenye jina ni mmoja. Katika “Huyu ni simba,” kinaonesha uanachama: mmoja yumo katika kundi. Katika “Simba ni mnyama,” kinaonesha kundi kuwa ndani ya kundi. Mantiki inazitenganisha kazi hizi tatu, na programu inazitenganisha pia. Simula ilikuwa na viendeshi viwili tofauti: IS, kilichouliza kama kitu ni cha aina hiyo hasa, na IN, kilichouliza kama ni cha aina hiyo au ya aina yoyote iliyo chini yake. Kiswahili kingeweza kuieleza tofauti hiyo kwa kutumia ni hasa na yumo katika. Mfasiri anayeandika ni kote kote anaifuta.

Lakini yumo nalo lina la kusema. Ili kuuliza kama kitu kimo katika kundi, Kiswahili kinanilazimisha nichague kiambishi kabla sijapata jibu: yumo, kimo, limo, imo. Vivyo hivyo siwezi kuuliza “hu-nini hiki?”, nachagua kati ya huyu na hiki, kati ya nani na nini. Swali la ukaguzi wa aina linakuja likiwa limekwisha kukagua nusu ya aina. Hii si kasoro ya Kiswahili. Java inafanya vivyo hivyo: kila jina linaloshikilia thamani hutangazwa na aina yake, na ukaguzi usiowezekana kabisa, kwa mfano kuuliza kama matini ni namba nzima, hukataliwa kabla programu haijaanza kutenda kazi. “Je, huyu ni kiti?” ni swali la namna hiyo. Msikilizaji hajibu la. Anauliza kama muulizaji ana akili timamu. Mwanafunzi akioneshwa jambo hili katika lugha yake, tofauti kati ya aina iliyotangazwa na aina halisi haitakuwa tena jambo la kukariri.

5.3 Kifaru amefika

Tofauti hiyo ina mfano ulio wazi zaidi, ambao kila mtoto wa Kiswahili anaumudu kabla ya kuanza shule. Nomino kifaru, kiboko, kipepeo, kijana na kiongozi zina umbo la KI-VI. Tukifuata umbo tungetarajia kifaru kimefika. Tunasema kifaru amefika. Umbo limetangaza jambo moja. Uhai wa kinachotajwa umeamua jingine, na katika upatanisho uhai umeshinda.

Wanasarufi wameushughulikia mvutano huu kwa njia tofauti. Utaratibu uliotokana na Bleek (1862), ambao Meinhof aliuendeleza, huzipanga nomino kwa viambishi vyake. Ashton (1944) naye alizieleza ngeli kwa maumbo pamoja na dhana zinazoyaandama. Wanaofuata kigezo cha kisintaksia huziita ngeli kwa viambishi vya upatanisho, A-WA, U-I, LI-YA, KI-VI, na kwao kifaru yumo katika A-WA bila utata. Mjadala huo umechukuliwa kama suala la uainishaji. Ukitazamwa kutoka upande wa programu, unaonekana pia kuwa suala la wakati: ni lini aina huamuliwa, pale jina linapotamkwa au pale kinachotajwa kinapotenda? Katika programu vigezo vyote viwili ni halali kwa kuwa kila kimoja kina wakati wake. Aina iliyotangazwa hutumika programu inapokaguliwa. Aina halisi hutumika programu inapotenda.

Hapa ndipo kasoro ya zoezi la Mbwa na Paka inapoonekana. Zoezi humfundisha mwanafunzi kupita safuni akiuliza kila mmoja wewe ni nani, kisha kumtolea mlio yeye mwenyewe. Kila aina mpya ikiongezeka, Mbuzi kwa mfano, orodha ya maswali lazima irefushwe. Waandishi wa programu wenye uzoefu huiepuka njia hii. Wao humwachia kila kitu kijue mlio wake: kinaagizwa kilie, nacho hulia kadiri ya aina yake. Upatanisho wa Kiswahili hufanya hivyo tangu zamani. Kivumishi -zuri hakiulizi. Huvaa umbo linalodaiwa na nomino, mtu mzuri, kiti kizuri, tunda zuri, nguo nzuri. Kistari kinachoandikwa mbele ya mzizi huo katika kamusi ni ahadi kwamba umbo kamili litajulikana atakapopatikana mwenyewe. Mwalimu anayetafuta mfano wa agizo moja lenye utekelezaji mwingi hahitaji mbwa wala paka.

5.4 Safu mchanganyiko

Je, itakuwaje safu ikiwa na vitu vya aina mbalimbali? Java huruhusu safu ya aina kuu kabisa, ambayo kila kitu kimo ndani yake. Kiswahili hukutana na tatizo hili katika nomino zilizounganishwa. “Meza na kiti vimevunjika” ni sentensi ya kawaida: I na KI zimekutana, na upatanisho umepanda hadi VI, kana kwamba nyuma yake kuna neno vitu. “Mtoto na mbuzi wamepotea” nayo ni sahihi, kwa kuwa wote wana uhai. Lakini mtoto na kitabu? Wapotee, au vipotee? Msemaji hodari hubadilisha sentensi: mtoto amepotea na kitabu chake. Ameona kwamba hakuna aina kuu inayowameza wote wawili bila kumshusha mmoja, naye amekataa kuitunga safu hiyo.

6.0 Mipaka ya Ulinganisho

Ulinganisho ukifaulu mno, mhakiki anapaswa kuushuku. Kuna mambo matatu ambayo ngeli hazifanani na aina za programu.

Kwanza, mwandishi wa programu hubuni aina mpya apendavyo, ilhali msemaji hawezi kubuni ngeli. Anachoweza ni kuhamisha nomino, kama tunapounda kijitu au jitu kutokana na mtu. Na uhamisho huo hubeba mtazamo: anayesema “jitu limekuja” amemhukumu ajaye. Kubadilisha aina inayotajwa katika programu hakumdharau wala kumtukuza yeyote.

Pili, katika Java kila aina hurithi kutoka kwa mzazi mmoja. Upatanisho wa Kiswahili hauko hivyo. Katika “rafiki yangu mzuri amefika,” kimilikishi kimefuata umbo la nomino, kivumishi na kitenzi vimefuata uhai. Nomino moja imekaguliwa mara tatu na kutoa majibu mawili, bila kosa. Mti wa urithi hautoshi kuieleza sentensi hii.

Tatu, na hili ndilo zito zaidi, lugha hizi za programu humwita kila aliyemo kitu. Kiswahili kinatenganisha mtu na kitu kwa kiambishi tu, lakini utengano huo una uzito wa kimaadili. Kumwambia mtu kwamba si kitu ni tusi, na kumwita kitu ni tusi pia. Alexis Kagame (1956) alijenga juu ya ngeli za Kinyarwanda mfumo mzima wa kifalsafa, ambamo umuntu, ikintu, ahantu na ukuntu ni makundi makuu ya kuwapo, na mzizi -ntu ndio unaoyaunganisha. Inavutia kuuona mzizi huo kama aina kuu kabisa ya programu, isiyo mtu wala kitu mpaka ipate kiambishi. Lakini Paulin Hountondji na wakosoaji wengine wa falsafa ya namna hiyo wametuonya tusichukue sarufi ya lugha kuwa fikra za wanaoizungumza. Onyo hilo linatuhusu. Ngeli hazithibitishi kwamba Waswahili walikuwa na nadharia ya programu kabla ya programu. Ni mfano wa kufundishia, wenye nguvu kwa sababu unajulikana, na wenye hatari kwa sababu hiyo hiyo.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonesha kwamba mazoezi matatu ya kawaida yana ndani yake maswali ambayo tafsiri ya haraka huyazima: umbali na idadi katika safu, mtu na kiwakilishi chake katika wastani, umbo na maana katika ukaguzi wa aina. Istilahi ngeli inapendekezwa kwa dhana ya tatu, kwa sharti kwamba mipaka iliyotajwa ifundishwe pamoja nayo.

Pendekezo lenyewe linaweza kuwekwa katika umbo la zoezi, kwa kuwa huo ndio utanzu tuliouhakiki. Mwanafunzi apewe safu yenye nomino kiti, kifaru, jitu, rafiki, embe na kijana. Aandike programu inayoambatisha kila nomino na kivumishi -zuri na kitenzi -mefika. Atakayetegemea herufi za mwanzo atapata kifaru kizuri kimefika, na atacheka kabla mwalimu hajamsahihisha. Hapo atakuwa amegundua mwenyewe kwamba umbo la jina halitoshi, kwamba nomino inahitaji kubeba habari zake, na kwamba jitu linamdai aamue kama anafuata umbo au uhai. Swali la mwisho halina jibu moja, nalo lifaa libaki hivyo. Zoezi kama hili linamhukumu mwanafunzi kwa jambo analolijua kuliko mashine, na kwa mara ya kwanza katika somo hilo ni mashine inayopaswa kufundishwa Kiswahili.